Kamati ya Maktaba si Kiti cha Heshima

Huku kando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira hata Baraka, kitabu hakipatikani upesi wala kwa bei ndogo. Kikipotea kimoja katika maktaba ya parokia, wasomaji wengi wamenyimwa. Basi ni vema kuchagua kamati ya kumsaidia mtunzaji wa vitabu. Lakini kamati nyingi zastahili lawama, nasi tuseme wazi.

Kosa la kwanza ni namna ya kuchagua. Hutafutwa wenye cheo, si wenye kusoma. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume wakataka watu 7 wenye sifa njema, wakawapa kazi iliyojulikana. Nasi tufanye vivyo hivyo: mmoja akague daftari, mwingine ashone vitabu vilivyochanika, wa tatu apite nyumbani kwa waliochelewa kurudisha, wa nne awaulize akina mama na vijana wanataka kusoma nini.

Kosa la pili ni kumtawala mtunzaji. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwenyekiti akikaa na ufunguo, siku ya safari yake maktaba imefungwa. Ufunguo ukae kwa mtunzaji. Kamati idai hesabu kila mwezi, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa la tatu ni kudhani kazi imekwisha siku ya kufungua. Katika miaka ya 1970 jirani zetu wa Tanzania walifundisha watu wazima wengi kusoma, wakafungua maktaba vijijini. Baadaye nyingi zilidhoofika, kwa kuwa vitabu vipya havikufika. Msomaji akikuta vile vile kila mara, harudi tena. Kutafuta vitabu vipya ni kazi ya kamati.

Tena, mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kamati yenye akili haingoji mvua: huinua kabati juu ya matofali, na nakala ya orodha ya vitabu huiweka katika nyumba nyingine, mahali pa juu.

Ndugu wasomaji, msiihesabie kamati yenu mikutano yake. Fungueni daftari la kuazima, mhesabu majina. Yakiongezeka, ishukuruni, yakipungua, chagueni wengine.