Haki ya Kukaa Mlimani: The Man from Snowy River kwa Jicho la Kericho

Filamu ya The Man from Snowy River, iliyoongozwa na George Miller na kutolewa mwaka 1982, huwekwa katika kundi la filamu za kikauboi kwa sababu ya farasi na milima yake ya Australia. Hata hivyo, kiini chake ni hadithi ya makuzi. Jim Craig (Tom Burlinson) anafiwa na baba, na wanaume wa mlimani wanamwambia kwamba haki ya kuishi huko sharti aitolee jasho. Anateremka kuajiriwa na tajiri Harrison. Mwishoni, farasi mwitu wanapokimbilia kwenye mteremko mkali, wapanda farasi wote wanasita ukingoni, Clancy mwenyewe akiwamo. Jim peke yake anajitosa, kisha anawarudisha farasi wote. Onyesho hilo halina dosari. Hata asiyewahi kupanda punda hushika pumzi.

Tatizo limo katika hiyo “haki”. Inaombwa kwa nani? Katika shairi la A. B. Paterson la mwaka 1890 swali hilo halizuki: mpanda farasi hana jina wala msiba, naye hadai mahali popote, anasifiwa ushujaa, basi. Filamu ndiyo iliyompa jina, uyatima, mchumba na dai la ardhi, ikajitwika mzigo ambao shairi halikuubeba. Wenyeji wa asili wa milima ya Victoria, ambako filamu ilipigwa, hawana sauti katika mgogoro huo. Badala yake kuna ugomvi wa ndugu wawili, Harrison na Spur, wote wakiigizwa na Kirk Douglas, na chanzo chake ni mwanamke. Suala la ardhi limegeuzwa kisa cha wivu.

Mtazamaji wa Kericho au Bomet hulitambua pengo hilo upesi. Mandhari ya chai nayo hupendeza pichani: kijani kibichi kilichopandwa na makampuni ya Brooke Bond na James Finlay tangu miaka ya 1920. Picha hizo hazisemi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni, kwa kuhofia uongozi wa ukoo wa Talai, ilianza kuuhamishia Gwassi.

Mtazamaji huyo angeshangazwa pia na upweke wa Jim. Katika tumdo ya Wakipsigis, mvulana huingia menjo pamoja na wenzake, wakafunzwa na wakubwa, wakatoka na ibinda moja watakayokuwa nayo hadi kufa. Haifai kuupamba utaratibu huo kupita kiasi, kwani ibinda haikuzuia ardhi kutwaliwa. Lakini ndani yake hakuna anayejitwalia utu uzima peke yake juu ya farasi.

Kabla ya kuondoka, Jim anamwambia Harrison kwamba atarudi kuwachukua farasi majike, pamoja na chochote kingine kilicho chake. Jessica, bintiye Harrison, anaelewa kwamba naye amehesabiwa. Vingine vilivyo vya Jim havitajwi, na hakuna anayeuliza.