Watunzaji wa Uwanda wa Culloden

Tangu ilipochapishwa Outlander mwaka 1991, riwaya ya mahaba ambamo muuguzi wa vitani hupenya kati ya mawe ya kale akajikuta katika Uskoti ya mwaka 1743, wasomaji wake wamekuwa wakimiminika Culloden, karibu na Inverness, ambako tarehe 16 Aprili 1746, kwa muda usiotimia saa moja, jeshi la wafuasi wa ukoo wa Stuart lilivunjwa na mamia kwa mamia wakauawa.

Ninaowastahi mimi ni wale wanaoutunza uwanda huo. Vichaka vya miiba havichoki kuchipua, nao hawana budi kuvikata, kwani vikiachwa vitafunika makaburi. Jiwe la ukoo wa Fraser, lililosimikwa mwaka 1881, ndilo linalotafutwa zaidi, madhali shujaa wa riwaya amenasibishwa na ukoo huo. Nyayo za wageni huua majani hata udongo ukabaki mtupu, na mtunzaji hupiga magoti katika upepo wa baridi, akatandaza upya nyasi zile zile zitakazokanyagwa tena, akaondoa na maua yaliyonyauka. Kisha huinuka kumkabili mgeni mwenye machozi aulizaye shujaa wake amelala wapi, ambaye hapaswi kudanganywa wala kuvunjwa moyo. Naye humweleza kwa upole, hata kama ni kwa mara ya mia, kwamba yule ni wa kitabuni, na walio chini ya majani haya ni watu wa kweli ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lolote.