Sinema Juu ya Mobutu

Tumetazama sinema ya Mbelgiji Thierry Michel, iliyotoka mwaka 1999, iitwayo kwa Kifaransa Mobutu, roi du Zaïre. Yaonyesha maisha ya yule mtoto wa Lisala aliyetiwa jeshini zamani za Wabelgiji, akaandika magazeti, akawa mkuu wa majeshi mwaka 1960, akanyakua utawala tarehe 24 Novemba 1965, asiuachilie hata Mei 1997.

Ni kazi njema. Michel ameunganisha picha za zamani na maneno ya mashahidi, bila matusi. Tazameni ile picha ya televisheni: kabla ya habari, uso wa Mobutu watoka mawinguni na kumshukia raia nyumbani mwake. Sakombi Inongo, waziri wa habari wa siku zile, yumo katika sinema, naye ajieleza mwenyewe. Hapo tuliogopa kuliko penye bunduki. Askari hutaka mtu anyamaze tu. Picha ile ilitaka asali.

Lakini tuna neno. Mashahidi wengi ni watu waliokula naye meza moja. Kwa hiyo anguko lake laonekana kama jambo la ikulu: ugonjwa umemshika, rafiki wa Ulaya na Marekani wamemchoka, jeshi lisilolipwa limekimbia. Ni kweli, ila si yote. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa. Kardinali Malula alipopinga siasa ile, alinyang'anywa nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa. Gazeti Afrique chrétienne likasimamishwa. Wazee wetu walipokea majina mapya katika vitambulisho, na jioni, mlango umefungwa, Maria aliitwa Maria. Wengine, tusifiche, walicheza na kupiga makofi uwanjani, hata walimu wa dini. Mtu haabudiwi pasipo waabudu! Hao tuliwatafuta katika sinema kwa macho mawili, hatukuwaona vya kutosha.

Tarehe 24 Aprili 1990, akitangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yalimlenga mbele ya watu. Mtazamaji aweza kumhurumia. Sisi pia tulimhurumia kidogo. Walakini tarehe 16 Februari 1992 Wakristu wa Kinshasa walitembea na rozari mikononi, wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari wakawapiga risasi, watu wakafa. Mkutano ulifunguliwa Aprili. Kwetu sisi, siku ile ya Februari yaeleza anguko kuliko ugonjwa wa mfalme, aliyekimbia Kinshasa tarehe 16 Mei 1997 na kufa Rabat, Morocco, tarehe 7 Septemba.

Sinema yapita saa mbili. Parokia itakayoionyesha isiwaruhusu watu kwenda mara taa ziwakapo. Wazee wapewe nafasi ya kusema, hasa wale waliocheza.