Kariakoo: Neno na Jengo

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa letu, fikra zetu hukimbilia ngoma, mashairi, hadithi na vinyago. Ni nadra kulitaja soko. Hata hivyo soko nalo lina sanaa yake: lina jina lililotungwa na ndimi za watu, na lina jengo lililobuniwa na fundi mwenye fikra zake. Katika insha hii tunakusudia kulihakiki soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam kama tunavyohakiki shairi, kisha tulilinganishe na majengo ya maduka ya kisasa.

Tuanze na jina. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza liliwakusanya Waafrika kwa maelfu kuwa wapagazi wa risasi na chakula. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Waingereza walipokwisha kuuteka mji mwaka 1916, kambi ya wapagazi hao ikawekwa mahali hapo. Neno likaingia vinywani mwa watu, likavuliwa konsonanti zake ngumu, likavikwa irabu, likawa Kariakoo. Leo mtoto alitamkaye hahisi ugeni wowote. Lugha haikulikataa neno la mgeni, wala haikulipokea likiwa bichi. Ililitafuna hata likawa damu yake.

Jengo lilifanya vivyo hivyo. Soko lililofunguliwa mwaka 1975 lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, aliyepata elimu yake ya usanifu Israel. Amuli alizichanua nguzo zake juu kama miavuli mikubwa ya saruji, ipokee mvua na kutoa kivuli. Ni nani kati yetu asiyepata kuona gulio chini ya mwembe? Saruji ni mgeni. Mwembe umekuwa mwenyeji. Fundi huyu aliichukua saruji akaiotesha mwembe.

Chini ya kivuli hicho lugha ilistawi. Mnunuzi hakuanza na bei. Alianza na salamu. Kisha, “Baba, punguza kidogo, mimi mteja wako,” naye muuzaji hujibu, “Mama yangu, hapo sipati hata nauli.” Sisi tuliofuatana na mama zetu sokoni, vikapu mikononi, tulijifunza hapo utani, heshima na hesabu kwa pamoja.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2006 lilifunguliwa jengo la maduka karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nalo likaitwa Mlimani City. Jina lenyewe ni la kuhakikiwa: nusu yake ni yetu, nusu imekaa kando bila kutafunwa. Jengo nalo ni hivyo hivyo. Lihamishwe hadi nchi nyingine, hakuna atakayeuliza limetoka wapi. Bei imebandikwa, na mtu aweza kununua akaondoka pasipo kumsalimu mtu.

Lakini mhakiki hana budi kuwa mwadilifu. Katika maduka hayo hakuna matope, na bei iliyobandikwa humwokoa mnyonge asiyejua kubishana. Wala Kariakoo haina usafi wa malaika. Mwezi Julai 2021 moto uliliunguza soko lile la Amuli, na serikali ikalazimika kulikarabati na kujenga jingine kando yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la maduka mtaani humo liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 20. Nyumba za zamani zenye baraza zimebomolewa, yakapanda maghorofa yaliyojaa maduka, yakisongamana kama watu kwenye foleni. Haya nayo hayakutafunwa. Yamechukua kimo cha ugenini bila kuchukua uangalifu wake, na yameacha baraza zetu bila kuweka kitu mahali pake. Shairi likikosa mizani hukera masikio; jengo likikosa mizani huua.

Kwa hiyo basi, ubishi wetu hauhusu uzee na upya, wala uzawa na ugeni. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini si kila kinachojiuza kimekuwa chetu. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: je, kitu kilichotoka nje kimepita katika mikono na ndimi zetu kikabadilika, au kimesimama tu mbele yetu tukikishangaa?

Tunawaomba walimu wawapeleke wanafunzi katika soko la mahali pao, mjini au kijijini. Wasikilize watu wanavyosalimiana, waulize jina la mahali lilitoka wapi, watazame kivuli kinatoka wapi na njia ya kutokea iko upande gani. Hayo ni maswali ya uhakiki. Huenda mmoja wao ndiye atakayesanifu soko lijalo.