Vijiti Njiani mwa Apu

Mwongozaji filamu wa India, Satyajit Ray, alipoanza kupiga filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, mwezi Oktoba 1952, tukio alilolitanguliza lilionekana jepesi mno. Mtoto Apu anapita katikati ya nyasi za kaash zilizojaa maua meupe, akimtafuta dada yake Durga. Hana neno la kusema. Ni kutembea, kusimama, kugeuza kichwa huku na huku. Nani asiyejua kutembea?

Subir Banerjee, aliyemwigiza Apu, hakujua. Yaani alijua, mpaka kamera ilipomwelekea. Hapo miguu ikawa mizito, shingo ikakakamaa, akatembea kama aliyeamriwa atembee. Hakuwa amewahi kuigiza. Ray alikuwa ametangaza gazetini kwamba anatafuta mvulana, wakaletwa wengi, hata msichana mmoja aliyenyolewa ili aonekane mvulana, poda ya kinyozi ingali shingoni! Mwisho, Bijoya, mkewe Ray, ndiye aliyemwona Subir akicheza jirani na kwao.

Ray hakumfokea. Aliweka vijiti njiani, mtoto alazimike kuangalia anapokanyaga. Kisha akawaficha wasaidizi wake nyasini, pande zote mbili, wamwite kwa zamu. Subir akaitwa huku, akageuka; akaitwa kule, akageuka; akafika penye kijiti, akakivuka. Mtazamaji haoni kijiti wala hasikii sauti. Anaona mdogo mtu anamtafuta dadake.

Kwangu mimi, ufundi wa kumwongoza mtoto mgeni umo humo karibu wote. Mwigizaji mzoefu unaweza kumwagiza huzuni, naye akajua pa kuichota. Mtoto ukimwagiza huzuni atakukunjia uso. Mpe kitu cha kusikiliza, cha kuvuka, cha kushika, naye atajisahau. Na akijisahau, kamera imeshapata ilichokuja kutafuta. Tena Ray mwenyewe alikuwa mgeni, na Subrata Mitra, mpiga picha wake, hakuwa ameshika kamera ya filamu kabla ya hapo.

Ray alikata shauri la kutengeneza filamu baada ya kuiona Bicycle Thieves huko London mwaka 1950. Nayo ina mtoto mgeni, Enzo Staiola, ambaye mwongozaji Vittorio De Sica alivutiwa na mwendo wake. Inasimuliwa kwamba De Sica, akitaka mtoto alie, alimtilia vipande vya sigara mfukoni kisha akamsuta kwamba ameviokota. Machozi yakatoka, na kwenye filamu yanachoma kweli. Lakini siyasifu. Kijiti humfikisha mtoto palepale bila kumwaibisha.

Tukio la nyasini halikumalizika siku ile. Waliporudi baadaye walikuta ng'ombe wamekula maua yote, ikabidi wangoje msimu mwingine. Fedha nazo zilikatika mara kadhaa, huku Ray akiomba sauti ya Apu isivunjike na Durga asiwe mwanamwali kabla ya kazi kwisha. Filamu ilitoka 1955, na mwaka uliofuata ikatuzwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Katika Aparajito, filamu iliyoendeleza kisa hicho, Apu aliigizwa na wavulana wengine.

Ukiipata Pather Panchali, na ikifika pale penye nyasi, mtazame Subir miguu kabla hujamtazama uso.