Kona Huanza Kabla ya Pipa

Mwaka 1985, katika fainali za taifa za rodeo mjini Las Vegas, mikanda ya kichwani ya farasi Scamper ilichomoka huku Charmayne James akiwa mgongoni mwake, mbio zimepamba moto. Hatamu hazikumfaa tena kitu. Walizunguka mapipa yote matatu hivyo hivyo, na raundi ile wakaishinda. Wengi huisimulia kama habari ya ujasiri. Mimi naona ni somo la ufundi, hasa kwa mtu aliyelelewa katika upandaji wa Kiingereza ambaye sasa anataka kujifunza mbio za mapipa.

Mapipa hupangwa pembetatu. Kwa vipimo vya kawaida, la kwanza na la pili huachana futi 90, na kutoka kila moja hadi la tatu ni futi 105. Farasi huzunguka moja kwa upande mmoja, mawili kwa upande wa pili, kisha hurudi shoti. Saa hupima hadi sehemu ya mia ya sekunde. Ukiangusha pipa, unaongezewa sekunde 5. Ndiyo maana kona ina thamani kuliko mnyoosho.

Mpanda wa Kiingereza amefundishwa kutoachia mdomo wa farasi: hatamu mbili, mikono miwili, mgusano usiokatika. Kama ametoka kwenye kuruka viunzi, amezoea pia kuinuka na kuegemea mbele. Akifika na mazoea hayo kwenye pipa, uzito wake huangukia bega la ndani la farasi, farasi naye huliangusha bega hilo, na goti la mpanda hulipiga pipa.

Dawa yake iko hatua chache kabla ya kona. Kwenye mnyoosho mwili huenda na farasi. Pipa likikaribia, mpanda huketi kabisa, mgongo umetulia. Kuketi huko ndiko breki. Farasi aliyefunzwa hukisikia kiuno kikishuka, naye huingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo ili apate kugeuka. Hapo mkono wa nje hushika pembe ya tandiko, wa ndani huongoza kwa hatamu moja, na mguu wa ndani humzuia farasi asilibane pipa. Anaingia kwa mbali kidogo, anatoka karibu. Macho yawe kwenye ardhi anayokwenda kuikanyaga. Ukilitazama pipa, utaligonga.

Hata hivyo mwanafunzi huyu hajaja mikono mitupu, na inanisikitisha akiambiwa aanze upya. Anayeanzia pipa la kulia hutanguliza mguu wa mbele wa kulia, kisha lazima farasi abadili na kutanguliza wa kushoto kabla ya pipa la pili. Mabadiliko hayo, na ule ustadi wa kumkusanya farasi bila kumsimamisha, mpanda wa Kiingereza ameyafanyia kazi miaka mingi. James alitwaa ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, 1984 hadi 1993, juu ya Scamper. Mafanikio ya namna hiyo hayaji kwa kasi peke yake.

Basi ningemwanzisha kwa kutembea tu. Alegeze hatamu, aketi, angoje farasi asimame kabla ya kila pipa kwa kukisikia kiuno. Farasi akisimama hivyo kwenye mapipa yote matatu bila kuvutwa, ndipo mpanda aruhusiwe kuongeza mwendo.