Mwongozaji Asiyetajwa: Filamu za Kigeni, Sauti ya Mfasiri na Msamiati wa Uhakiki wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna watazamaji wa Kigali na miji jirani wanavyokutana na kazi za waongozaji mashuhuri wa filamu za kigeni kupitia sauti ya mfasiri. Inadai kwamba mfasiri ndiye anayeamua ni mwongozaji gani atavuka mpaka na yupi atapotea njiani, na kwamba Kiswahili chenyewe bado hakijampa mwongozaji nafasi thabiti katika msamiati wake. Mifano mikuu ni agasobanuye ya Rwanda, filamu ya Munyurangabo na kazi ya wasimulizi wa filamu wa Japani.

Utangulizi

Mtu aliyekulia karibu na kibanda cha video, iwe Nyamirambo, Manzese au Kisenyi, anaweza kukutajia filamu mia moja bila kumtaja mwongozaji hata mmoja. Atasema "picha ya Bruce Lee", "picha ya Rambo", "ile ya Kamando". Aliyeongoza Enter the Dragon ya mwaka 1973 ni Robert Clouse; Commando ya mwaka 1985 ni ya Mark L. Lester, First Blood, iliyomzaa Rambo mwaka 1982, ni ya Ted Kotcheff. Majina hayo hayajulikani vibandani. Nadharia ya filamu inayotawala huko ina istilahi zake: yupo stelingi, wapo maadui, na ipo kanuni kuu kwamba stelingi hafi. Si nadharia ya kubezwa, kwani humwezesha mtazamaji kutabiri, kubishana na mwenzake na kukasirika filamu inapoikiuka kanuni. Lakini ndani yake hamna nafasi ya mtu aliyeamua kamera isimame wapi na picha ikatwe lini.

Hali hiyo inaweza kuonekana ndogo mbele ya washauri wa sera. Si ndogo. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na tangu hapo kila kikao kuhusu maendeleo ya lugha hii nchini hurudia hoja ya kuzalisha na kutafsiri kazi za sauti na picha kwa Kiswahili. Tukikubaliana kutafsiri, swali linalofuata ni: tutafsiri kazi za nani, na kwa njia ipi? Hadi sasa jibu limetolewa na soko peke yake.

Jina la kazi

Tuanze na neno. Magazeti yetu hutumia "mwongozaji", "mwelekezi" na, kwa bahati mbaya, "mkurugenzi wa filamu" kumtaja mtu yuleyule. Mwongozaji ndiye aliyezoeleka Tanzania. Mwelekezi husikika zaidi Kenya. Mkurugenzi ni tafsiri ya pupa. Humtoa msanii mahali pa kazi na kumkalisha nyuma ya meza, mwenye muhuri na gari la ofisi. Msomaji anayeelezwa kwamba Akira Kurosawa alikuwa "mkurugenzi wa Rashomon" ana haki ya kudhani kuwa Rashomon ni shirika.

Mimi nachagua mwongozaji, na si kwa kufuata mazoea tu. Mzizi wa neno hili una kumbukumbu ya msafara: kirangozi wa zamani alitangulia mbele, akichagua njia, wengine wakimfuata na mizigo yao. Hiyo ni karibu kabisa na kazi ya mtu anayeamua macho yetu yapite wapi. Tatizo kubwa zaidi ni neno "picha", ambalo kwetu ni filamu nzima, ni picha ya mnato, na pia ni kile kipande kimoja kinachorekodiwa bila kukatwa. Mhakiki wa Kiswahili anayetaka kueleza kwamba mwongozaji fulani hupenda vipande virefu hulazimika kujenga sentensi nzima pale ambapo istilahi moja ingetosha. Kisichokuwa na jina ni vigumu kukifundisha darasani, na ni vigumu zaidi kukidai katika sera.

Kitu kidogo kilichofafanuliwa

Nchini Rwanda filamu ya kigeni iliyowekewa sauti ya msimulizi huitwa agasobanuye. Neno linatokana na kitenzi cha Kinyarwanda gusobanura, yaani kufafanua, likavikwa kiambishi cha udogo. Kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "kitu kidogo kilichofafanuliwa". (Udogo huo, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, hubeba mapenzi na dharau kwa pamoja.) Wasimulizi kama marehemu Yanga, Rocky Kimomo na Junior Giti wana umaarufu ambao mwongozaji yeyote wa sinema angeutamani. Uganda wapo wenzao, na mahali pao pa kazi huitwa ebibanda, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye tafsiri yake ya Titanic imechambuliwa kwa kina na mtafiti Matthias Krings. Kenya ina DJ Afro.

Wafasiri hawa hawatafsiri mazungumzo tu. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huhamisha miji, hutoa nasaha, hucheka, humwonya stelingi asiingie mlangoni. Kwa desturi ya sinema, jina la mwongozaji huja mwisho katika orodha ya majina inayotangulia filamu, muziki ukiwa umeshapanda na hadithi ikikaribia kuanza. Sekunde hizo hizo ndizo ambazo msimulizi huzitumia kuwasalimu watazamaji, kujitambulisha na kutangaza mahali kazi zake zinapopatikana. Jina moja linaondolewa na jingine linawekwa. Sioni hila hapo. Ni desturi ya usimulizi wa mdomo, ambamo mwenye hadithi ni yule anayeisimulia usiku huu. Ila matokeo yake kwa historia ya sinema ni kwamba kazi zote hugeuka kuwa za mtu mmoja.

Mfano wa kinyume ni Unguja na Dar es Salaam za miaka ya 1950 na 1960. Laura Fair ameonyesha jinsi sinema za Kihindi zilivyopendwa na watazamaji ambao wengi hawakujua Kihindi na hawakuwa na msimulizi. Walijaza wenyewe, kwa kuulizana na kurudia kutazama. Raj Kapoor, mwongozaji wa Awara ya mwaka 1951, alikumbukwa kwa jina. Lakini tusijipongeze haraka: Kapoor alikuwa pia stelingi wa filamu hiyo. Mehboob Khan, aliyeongoza Mother India mwaka 1957 bila kuigiza ndani yake, hakupata bahati hiyo.

Waongozaji waliokuja kwetu

Itasemwa kwamba Kigali inawajua waongozaji wa kigeni. Kweli, inawajua waliokuja na kamera kwa ajili ya mwaka 1994. Raoul Peck wa Haiti alipiga Sometimes in April nchini humu na kuionyesha katika Uwanja wa Amahoro mwaka 2005. Michael Caton-Jones alipiga Shooting Dogs hapa Kigali, katika shule ambamo mauaji yenyewe yalitokea. Terry George alitengeneza Hotel Rwanda ya mwaka 2004, sehemu kubwa ikiwa imepigwa Afrika Kusini. Mijadala juu yao imekuwa ya ukweli na uongo wa kihistoria, na ilistahili kuwa hivyo. Mjadala wa sanaa yao haukupata nafasi. Peck aliyeongoza Lumumba mwaka 2000, na aliyeishi Kongo utotoni, ni mtu wa ukanda huu kuliko tunavyomchukulia. Kumsoma kama shahidi tu ni kumpunguza.

Aliyestahili kusomwa kwa makini zaidi ni Lee Isaac Chung, Mmarekani wa wazazi kutoka Korea, ambaye baadaye aliongoza Minari. Alikuja Kigali kufundisha utengenezaji wa filamu, na pamoja na wanafunzi wake akatengeneza Munyurangabo, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2007. Filamu ni ya Kinyarwanda, lugha ambayo mwongozaji hakuwa mzungumzaji wake. Vijana wawili, Ngabo na Sangwa, wanatoka Kigali na panga lililoibwa; Ngabo anakwenda kulipiza kisasi cha baba yake. Wanapita nyumbani kwa kina Sangwa, na pale safari inakwama kwa siku kadhaa za kulima, kukandika ukuta na kula pamoja kimya kimya. Baba hampendi rafiki wa mwanawe, kwa sababu ambayo kila Mnyarwanda anaijua kabla haijatamkwa. Karibu na mwisho mshairi, Edouard Uwayo, anaigeukia kamera na kughani kwa dakika kadhaa shairi juu ya nchi yake.

Sasa mpe filamu hii msimulizi wa agasobanuye. Maneno ni ya Kinyarwanda tayari, hivyo hayahitaji tafsiri; kinachobaki cha kufafanua ni ukimya. Msimulizi hulipwa kwa kuujaza. Ukimya wa baba mezani akiuvunja kwa mzaha, au hata kwa maelezo sahihi ya kihistoria, kile alichokijenga Chung kinakwisha, kwa kuwa filamu imesimama juu ya jambo linalojulikana na watu wote na lisilosemwa na yeyote. Hapa ndipo dai langu kuu lilipo. Usimulizi hauwaui waongozaji wote kwa usawa. Mwongozaji wa mapigano huvuka akiwa mzima, kwani maana yake iko katika mwendo wa miili. Mwongozaji wa maneno mengi huvuka akiwa amebadilishwa nguo. Mwongozaji wa ukimya, kama Yasujiro Ozu au Abderrahmane Sissako, hufia mpakani.

Kaka yake Kurosawa

Ningeishia hapo kama historia ya Japani isingenikanusha. Wakati wa sinema bubu, kumbi za Japani zilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya kitambaa na kutoa sauti zote. Walikuwa na wapenzi wao, na wapo watazamaji waliochagua ukumbi kwa kumfuata msimulizi. Mmoja wao alikuwa Heigo, kaka yake Akira Kurosawa. Filamu zenye sauti zilipoingia kazi hiyo ikafa, na Heigo alijiua mwaka 1933. Katika tawasifu yake Kurosawa anaorodhesha filamu nyingi za kigeni alizozitazama ujanani, na anakiri deni lake kwa kaka huyo aliyemfungulia njia. Yaani mmoja wa waongozaji wakubwa kabisa wa karne ya 20 alizijua kazi za waliomtangulia kwa msaada wa mfasiri wa vibandani, tukimwita kwa lugha yetu.

Tofauti iko katika jambo moja la kiufundi. Katika miaka ya mwanzo benshi alitoa utangulizi kabla ya filamu: alieleza inatoka wapi na mtazamaji atarajie nini. Msimulizi wetu huingia moja kwa moja. Pendekezo langu kwa washauri wa sera ni dogo kwa makusudi. Suala la hakimiliki litatuliwe kwa leseni, kwa sababu kurekodi sauti juu ya kazi ya mtu bila idhini yake hakuwezi kugeuzwa kuwa sera ya lugha. Baada ya hapo wasimulizi waajiriwe, na mkataba uwatake watoe dakika tatu za utangulizi kwa Kiswahili, mwongozaji akitajwa kwa jina na kwa kazi zake, kisha wakae kimya pale mwongozaji alipokaa kimya. Tamasha la Filamu la Rwanda, ambalo tangu mwaka 2005 limepeleka maonyesho vilimani, limeshathibitisha kwamba watu hukusanyika.

Filamu ya kuanzia ningechagua Mandabi ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968. Sembène aliacha kutegemea riwaya za Kifaransa kwa kuwa watu wake hawakuzisoma, akaenda Moscow kujifunza filamu, kisha akatengeneza hii kwa Kiwolofu. Ibrahima Dieng anatumiwa hundi ya posta kutoka Paris. Hawezi kuichukua fedha kwa kuwa hana kitambulisho, na hapati kitambulisho kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa. Ina maneno ya kutosha kumlisha msimulizi yeyote, na foleni zake za ofisini hazihitaji ufafanuzi Nyamirambo wala Kariakoo. Ugumu utakuwa katika zile nyakati ambapo Dieng anasimama tu mbele ya dirisha la karani, na kamera inamngoja.